Nilivyochora ramani ya njia ya ng'ombe nikiwa Baraka, kwenye virtual machine, na kosa nililolifanya siku ya tatu

Wakuu, nawasalimu kutoka Baraka, huku Kongo, upande wetu wa ziwa. Nikitazama ng'ambo naona milima ya kwenu.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ni mara chache. Leo naandika kwa sababu kuna ndugu aliuliza kama inawezekana kufungua programu yenye madirisha kwenye server isiyo na screen, akajibiwa kwa mistari miwili na kuachwa hapo hapo.

Jibu langu ni refu. Nitaeleza yote, pamoja na sehemu inayoniaibisha. Majina ya watu nimebadilisha, na vijiji ambako njia inapita sitavitaja. Mkifika katikati mtaelewa kwa nini.

Kiswahili changu kikiteleza kikaenda cha Kongo, mnivumilie.

Huku naitwa Mama Neema. Kazi yangu ni kuchora ramani. Niliisomea Bukavu, nikarudi nyumbani, na sasa nafanya kazi na chama kidogo cha hapa hapa Fizi kinachosaidia wakulima na wafugaji waelewane.

Kwa wasiojua kwetu: kiangazi kikianza, majani ya milima ya juu yanakauka, na wafugaji wanateremsha ng'ombe kuja tambarare. Huku chini kuna mihogo, mahindi na karanga za watu. Ng'ombe hajui shamba la nani.

Mwaka uliotangulia walishuka bila mpango. Shamba la mihogo la mama mmoja likakanyagwa lote. Vijana wakatoka na mapanga, ng'ombe wawili wakakatwa, na mchungaji mmoja akapigwa panga la bega. Mkono wake mpaka leo haunyanyuki vizuri.

Yule mama mwenye shamba namwita hapa Mama Nyasa. Ndiye aliyechaguliwa kuwakilisha wakulima. Kijiji chake kiko kati ya Baraka na Fizi.

Mwakilishi wa wafugaji namwita Papa Muhizi, mzee mrefu, mtulivu, muumini wa kanisa la Kiprotestanti huko juu milimani. Yule kijana aliyepigwa panga ni mtoto wa dada yake.

Hao wawili ndio nilipewa nitembee nao na GPS mkononi, tupime njia moja ambayo ng'ombe watapita na pande zote mbili zitaikubali.

Wiki ya kwanza hawakusalimiana. Papa Muhizi alitangulia, mimi nikafuata, Mama Nyasa akabaki nyuma yangu. Akitaka kumwambia kitu ananiambia mimi, ingawa mzee yuko hatua kumi tu na anasikia kila neno.

Wiki ya tatu ndipo walianza kubishana moja kwa moja. Niliona hayo ni maendeleo.

Mwisho njia ikapatikana. Pa kuvuka mito, pa kunyweshea, pa kupita nyuma ya mashamba, na mahali saba pa kulaza ng'ombe usiku. Kila jioni nilipopata network nilituma pointi zote kwenye virtual machine yangu.

Virtual machine, kwa wasioijua, ni kompyuta iliyotengenezwa ndani ya kompyuta kubwa iliyo mbali. Huigusi, unaingia kwa network. Yangu nilipewa na Mwalimu Justin, aliyenifundisha ramani Bukavu. Miaka yote niliitumia kama ghala tu: naingia kwa SSH, kile kidirisha cheusi cha kuandika amri, naweka mafaili, natoka. Programu ya ramani ilikuwemo pia, lakini sikuwahi kuifungua kwa macho kule. Kuchora nilichora kwenye laptop yangu.

Mkutano wa kutia saini ulipangwa Ijumaa, Fizi kwenye ofisi ya territoire, yaani ya wilaya. Ng'ombe walikuwa tayari wamesogea mpaka ukingo wa mlima, wanangoja. Papa Muhizi alisema wazi kwamba majani yamekwisha na ikipita Ijumaa bila karatasi, hataweza kuwazuia vijana wake. Mama Nyasa naye alisema bila karatasi hataweza kuwazuia wa kwake.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo laptop yangu ikaungua.

Niliipeleka kuchaji kwenye duka la jirani, jenereta ikaruka, ikasikika sauti ndogo, halafu harufu. Fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga. Akanipa pole kama mtu aliyefiwa.

Chama kina kompyuta moja tu nyingine, iko Uvira na mwenzetu. Nilikwenda kuomba paroisse, yaani parokiani, wakanipa laptop ya kizee ya kufundishia watoto wa sekondari. Miaka ya nyuma mimi mwenyewe niliiwekea Linux ili iweze kutembea. Memory yake ndogo sana. Nilijaribu kufungua programu ya ramani juu yake, ikaganda hadi nikaizima kwa nguvu.

Nikakaa pale kwenye chumba cha paroisse nikiitazama.

Pointi zangu zote ziko kule kwenye virtual machine. Programu iko kule. Nguvu iko kule. Mimi niko huku na screen na mouse. Kwa hiyo nifungue programu kule, niione huku. Nilijiambia hivyo kwa sauti, peke yangu.

Jumanne asubuhi nikaanza.

Niliwahi kusoma kwamba ukiingia na ssh -X, programu ya kule itafungua dirisha lake huku kwako. Nikaandika. Jibu likaja kwamba X11 forwarding imekataliwa. Nikajaribu kufungua programu hivyo hivyo, ikasema haioni display yoyote.

Hapo ilinichukua masaa mawili. Kumbe kule kwenye server mambo mawili yalikosekana: kwenye faili la mipangilio ya SSH ruhusa ya X11 ilikuwa imefungwa, na kuna kiprogramu kidogo kinaitwa xauth hakikuwemo. Nikafungua ruhusa, nikaweka xauth, nikaanzisha SSH upya, nikatoka na kuingia tena.

Nikajaribu kwanza kitu chepesi, xclock, ile saa ya duara.

Ikatokea. Saa iliyo kwenye mashine ya mbali, inatembea kwenye laptop ya paroisse. Sister aliyekuwa anapita na funguo akanikuta nacheka peke yangu.

Halafu nikafungua programu ya ramani yenyewe.

Wakuu, dirisha lilichukua muda wa kutosha kupika bugali na kuisonga. Likaja vipande vipande. Nikibofya menyu, nangoja. Menyu ikishuka nimeshasahau nilitaka nini. Simu niliiweka dirishani ielekee mnara, ndiyo iliyokuwa network yangu.

Nilivumilia. Mpaka saa nane mchana nilikuwa nimechora mito na barabara. Nikaanza njia ya ng'ombe. Network ikakatika kidogo tu, kama mtu anavyopepesa jicho.

Dirisha likafa. Kazi yote ambayo sikuwa nimei-save ikafa nayo.

Nikampigia Mwalimu Justin, nikamweleza.

"Mama Neema," akasema, "ile njia unatumia inaleta kila mustari na kila kibonye mpaka kwako. Program inaongea na screen yako kila saa, inaenda, inarudi. Network yenu haiwezi. Na ikikatika, program inakufa juu inakosa screen."

"Sasa nifanye je, Mwalimu?"

"Uipatie screen yake kule kule. Weka desktop ndogo ku virtual machine, weka VNC. Weye huku unaona picha tu. Network ikikatika, ile desktop inabakia inakungoja. Na VNC usiiachilie inje. Ipitishe ndani ya SSH. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia kweli. Kumbukeni hilo, maana ndilo linaloniuma.

Jumatano asubuhi nikaweka desktop nyepesi, nikaweka VNC server, ile inayoleta picha ya desktop mpaka kwako. Mara ya kwanza ilinionyesha screen ya kijivu tupu na mouse katikati. Sababu yake ni faili la kuanzishia, xstartup, sikulipa ruhusa ya kutekelezwa. Nikalipa, nikaua session, nikaanzisha nyingine.

Halafu nikatengeneza tunnel. Tunnel maana yake unaiambia SSH: chochote nitakachotuma kwenye port fulani, yaani mlango wenye namba, ya laptop yangu, kipitishe ndani ya mawasiliano yetu yaliyofungwa, ukakitoe kule upande wa pili. Nikaweka port 5901 kama mafundisho yalivyosema.

Connection refused.

Nikarudia. Connection refused. Nikasoma tena, nikaandika tena herufi kwa herufi. Connection refused. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Umeme wa paroisse ni wa jua, jioni unakwisha. Ijumaa ilikuwa inanijia.

Hapo nikafanya upumbavu. Nikasema ngoja nijaribu mara moja tu bila tunnel, nione kama VNC yenyewe inafanya kazi, halafu nitafunga. Nikaiambia VNC ipokee watu kutoka popote. Nikafungua port kwenye firewall, ule ukuta unaozuia wa nje. Password ya VNC haizidi herufi nane, nikaweka baraka12.

Ikafunguka mara moja. Desktop hiyo, nzuri, yenye mpangilio. Programu ya ramani ikafunguka bila kusumbua. Nikavuta mstari, ukavutika. Nikazima wifi makusudi na kuiwasha, nikarudi nikakuta kila kitu kama nilivyokiacha.

Sikufunga. Nilisema nimalize kwanza kipande hiki. Halafu kile kinachofuata.

Yapata saa tisa mchana, mouse ikasogea.

Mkono wangu ulikuwa kwenye chupa ya maji. Nikadhani ni network inachelewesha mambo niliyofanya kabla. Nikainua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Mouse ikashuka mpaka kona ya chini. Ikafungua menyu. Ikafungua terminal. Maneno yakaanza kujiandika yenyewe, haraka, bila kukosea hata herufi moja. Na nyuma ya ile terminal, imejaa screen nzima, ni ramani yangu: mito, mashamba, na zile nukta saba nyekundu za mahali ng'ombe watakapolala.

Bahati nilikuwa na kidirisha cha SSH pembeni. Nikaua VNC, nikafunga port, nikampigia Mwalimu azime mashine yote. Akaizima. Yote hayo hayakufika dakika tano, lakini dakika tano si sifuri.

Huku kwetu, wakuu, ng'ombe huibwa na watu wenye silaha. Kujua kundi litalala wapi, na baada ya siku ngapi, ni habari ambayo kuna watu wangeitafuta kwa udi na uvumba. Na mimi nilikuwa nimeiweka mezani na mlango wazi.

Mwalimu alichunguza kumbukumbu za mashine, akanipigia.

"Karibu hakika ni robot," akasema. "Zinazunguka internet yote, zinatafuta VNC yenye password mwepesi. Ile amri iliandika ni ya kuleta program ya kuchimba pesa za mtandaoni. Hakuna mafaili yako yaliyotoka, kwa vile minaona."

"Unaweza kuapa?"

"Hapana. Kuapa siwezi. Picha ya screen ilikuwa wazi, na mwenye kuona haachi alama."

"Nibaambie benyewe?"

"Hiyo ni juu yako, Mama Neema."

Akaniambia atarudisha mashine kutoka kwenye nakala ya Jumapili, yaani kabla ya mimi kufungua chochote. Pointi zangu zote zimo, ila kazi ya Jumatano haimo. Inabaki Alhamisi.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshika ile laptop kifuani. Nilikula, nikamwogesha mwanangu Neema, na muda wote nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Hakuna aliyejua isipokuwa Mwalimu, naye yuko mbali. Nikinyamaza, Ijumaa karatasi inatiwa saini, watu wanashikana mikono. Nikisema, huenda wiki zote za kutembea zinaanguka, na kiangazi kinaanza kama kilichopita.

Lakini nikijiuliza swali moja, kila kitu kinanyamaza: kundi likivamiwa pale kwenye nukta nyekundu, nitaishi vipi?

Alhamisi asubuhi niliwaita wote wawili paroisse. Papa Muhizi alikuwa amefikia kwa mchungaji mmoja wa kanisa lake hapa mjini, Mama Nyasa alikuja na pikipiki. Nikawakalisha, nikabaki nimesimama.

Nikawaeleza kwa maneno mepesi. Kwamba laptop iliungua. Kwamba nilikuwa nachora kwenye kompyuta ya mbali. Kwamba niliambiwa nifunge mlango na sikufunga, kwa haraka zangu. Kwamba mtu au mashine iliingia na huenda iliona.

Papa Muhizi alitazama fimbo yake.

"Ile mutu, ni nani?" akauliza.

"Sijui, papa. Mwalimu anasema inaweza kuwa mashine tu. Lakini sijui."

"Iko hapa kwetu?"

"Anwani yake inaonyesha inchi ya mbali. Lakini anwani inaweza kudanganya."

"Iliona pa kulala bang'ombe?"

"Ilikuwa wazi ku screen, papa. Yote saba."

Nje wanafunzi walikuwa wanaimba somo la kuhesabu.

Mama Nyasa akasema, "Na mashamba yetu iko mule?"

"Iko, mama."

"Mashamba haikimbiake," akasema. "Kila mwenye kupita ku barabara anaionaka. Tuseme kwanza ya bang'ombe ya huyu papa."

Papa Muhizi akageuka akamtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona akimtazama usoni.

Akasimama, akatoka nje na simu. Alizungumza kwa Kinyamulenge muda mrefu, anatembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Sisi wawili tulibaki ndani tukimngoja. Aliporudi hakukaa.

"Pa kulala utoe ku carte," akasema. "Yote saba. Tutapanga fasi ingine, kwa kinywa, na haitaandikwa. Njia na mito, bakia nayo, ile kila mutu anajua."

"Ndiyo, papa."

"Weye ulikosa."

"Ndiyo, papa. Nilikosa."

"Usirudiliye." Akavuta kiti, akakaa karibu na laptop. "Sasa tumika. Siku iko inaenda."

Sikulia. Nilitaka, lakini hakukuwa na muda.

Mwalimu alikuwa amenipa mashine safi. Safari hii niliweka VNC isikilize ndani tu, isipokee mtu wa nje hata kidogo, na kuingia kwa SSH kukawa kwa ufunguo, siyo password. Nikarudi kwenye ile tunnel iliyonishinda, nikaanza kuichambua taratibu badala ya kuipiga kichwa, nikisoma kumbukumbu za Jumatano alizonitumia Mwalimu.

Na hapa wenzangu mnaojifunza, someni polepole. Tunnel haikuwa na ugonjwa wowote. Jumatano, nilipoua ile session ya screen ya kijivu, haikufa vizuri, ikabaki imeshikilia namba moja. Session mpya ikapewa namba mbili. Namba moja inasikiliza port 5901, namba mbili inasikiliza 5902. Mimi nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. VNC iliandika namba yenyewe kwenye screen ilipoanza, mistari miwili tu, na mimi sikuisoma. Mchana ule, nilipofungua kila kitu, nilinakili tu anwani nzima iliyoandikwa na VNC, yenye 2 mwishoni, bila kujiuliza kwa nini ni 2.

Tarakimu moja, wakuu.

Nikapunguza ukubwa wa screen kuwa 1024 kwa 600, nikashusha rangi kuwa 16-bit, nikawasha compression ya SSH. Desktop ikaja. Nyepesi kuliko Jumatano.

Tukaanza kuchora watu watatu. Mimi na mouse, Papa Muhizi kulia, Mama Nyasa kushoto na daftari alilokuwa ameandika kila kilima tulichopita.

Network ilikatika mara ya kwanza kabla ya saa sita. Mama Nyasa akashika kichwa. Nikamwambia asubiri. Nikafungua tunnel upya, nikaingia, na mstari ukawa pale pale, na dirisha pale pale, nusu ya neno nililokuwa naandika bado ni nusu ya neno.

"Kumbe haikufa," akasema.

"Haiko hapa, mama. Iko kule, inatungoja."

Ilikatika mara nyingine tatu siku hiyo. Hakuna aliyeshika kichwa tena. Papa Muhizi alikuwa anasema tu, "Ifungue."

Kwenye kivuko cha pili walibishana. Mama Nyasa alisema mstari unakata kona ya shamba la jirani yake. Papa Muhizi alisema hapana, unapita nyuma ya lile jiwe kubwa. Nikaleta picha ya satelaiti chini ya mstari. Picha ilikuja taratibu, kipande kwa kipande, na wote wawili wakainama mpaka vichwa vikakaribia kugusana mbele yangu, nikawa sioni kitu.

"Jiwe ile pale," akasema mzee.

"Na shamba ile pale," akasema mama.

Mstari ulipita katikati kabisa, umebanwa.

"Usogeze ku jiwe," Papa Muhizi akaniambia. "Kidogo. Bang'ombe ikiona majani ya mahindi karibu, haitasikia fimbo."

Nikasogeza. Mama Nyasa akaandika kwenye daftari lake bila kusema asante, lakini alipofungua mfuko wake wa mihogo ya kuchemsha na samaki, alimwekea mzee wa kwanza.

Saa kumi na moja tulimaliza. Sikuivuta kazi yote kuja huku. Nilitengeneza PDF kule kule kwenye virtual machine, nikavuta faili hilo moja tu. Likashuka kabla umeme wa jua haujakatika. Duka la kuchapia lilikuwa linafunga milango, tukamwomba mwenye nalo, akatuchapia nakala nne.

Ijumaa tulipanda Fizi kwa pikipiki tatu. Nakala nilizifunga kwenye nailoni mbili, vumbi lile mnalijua waliopita njia hiyo.

Mkutano haukuwa mrefu. Mkubwa wa ofisi alivaa miwani, akafuata mstari kwa kidole kutoka juu mpaka chini.

"Mbona hakuna pa kulala ya bang'ombe?" akauliza.

Nikaanza kutafuta maneno. Papa Muhizi akanitangulia.

"Pa kulala iko mu kichwa, Chef."

Yule mkubwa akamtazama Mama Nyasa. Mama Nyasa akasema, "Tunaelewana juu ya ile." Muhuri ukapigwa.

Wiki iliyofuata ng'ombe walishuka. Nilikwenda kusimama kwenye kivuko cha pili, karibu na jiwe. Walipita asubuhi nzima. Wachungaji wawili wa mbele walikuwa na nakala ya ramani ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa kunjwa, na nina uhakika hawakuihitaji, njia wanaijua. Lakini waliinua ile karatasi wakanionyesha.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikuwa asali. Kundi moja liliingia shamba siku ya nne na kung'oa mistari kadhaa ya mihogo. Watu walitoka, mapanga yakatoka. Mama Nyasa akafika na nakala yake, wakapima, ikaonekana ng'ombe wametoka nje ya mstari. Papa Muhizi akatuma vijana wake wakapanda upya mihogo ile, siku mbili wakilima kwenye shamba la mtu mwingine. Hakuna aliyekatwa.

Na mahali pa kulala hapakuvamiwa. Je, ni kwa sababu tulibadilisha, au kwa sababu ile ilikuwa robot tu tangu mwanzo? Sijui, na sitajua.

Sasa nilichojifunza.

Kwa yule ndugu aliyeuliza: ndiyo, inawezekana, na inawezekana hata kwa network ya simu na laptop ya kizee. Kama uko kwenye network moja na server, ssh -X inakutosha kwa programu ndogo. Ukiwa mbali na network ya kukatika katika, weka desktop kule na VNC, kisha pita ndani ya tunnel. Soma namba ya session yako. Na usifungue ile port kwa dunia hata kwa dakika kumi za kujaribu, maana dakika kumi huwa mchana mzima, na wanaozunguka huko nje hawalali.

Kama ungeniuliza kabla, ningesema mimi ni mwangalifu. Sikuwa mzembe siku zote. Nilikuwa mzembe siku moja, siku niliyochoka na kuona Ijumaa inakaribia. Nadhani wengi huwa hivyo.

Na kwa wale mnaotunza habari za watu wengine, iwe ni wagonjwa, wanafunzi au ng'ombe: likitokea, nendeni mkawaambie wenyewe mapema, kabla hamjajua mwisho wake. Mimi nilidhani kusema kutavunja kazi. Kumbe wao walijua cha kufanya kuliko mimi, ila walihitaji kupewa muda wa kukifanya.

Nawaachia uwanja. Wazoefu wa network, nionyesheni nilipokosea. Nimesikia kuna njia nyepesi kuliko VNC, na ningependa kusikia kwa mtu aliyeitumia kwenye network mbovu kama yetu, siyo kwa aliyesoma tu. Na kama kuna aliyewahi kuacha port wazi akanyamaza, na yeye aseme, hapa hatupigani mawe.

Maswali nitakayoyaweza nitayajibu. Nisiyoyaweza nitasema siyawezi.